Yah: Maombi ya Kuvutiwa Maji

Jumanne kibao kilipoletwa Chilolo, Sidonia alikuwa ndani ya shimo. Halikuwa shimo la ajabu. Lilikuwa shimo lake la kila siku, katikati ya mto wa mchanga unaopita nyuma ya nyumba, na kwa kuwa ilikuwa Agosti lilikuwa limemfika kifuani. Alichuchumaa mule na kata mkononi, akingoja maji yajikusanye karibu na kidole gumba cha mguu wa kushoto, maana wiki ile maji yalikuwa yamehamia kushoto. Kata moja, angoje. Kata nyingine, angoje tena. Dumu la manjano lilikaa ukingoni limejaa robo. Ndipo aliposikia gari likizimwa, mlango ukibamizwa, na sauti ya mwanamume ikiuliza kama hapo ndipo kwa mama aliyeandika barua.

Sidonia alitoka shimoni upesi kuliko magoti yake yalivyozoea. Barua alizoandika zilikuwa kumi na mbili, na hakuna mtu aliyewahi kuja na gari kwa ajili ya hata moja.

Chilolo ni kitongoji cha kaya arobaini, mbele kidogo ya Zuzu ukitoka mjini, na bomba kubwa linalopeleka maji mjini limepita hatua mia mbili kutoka shamba la uwele la Sidonia. Ukilaza sikio ardhini unalisikia likinguruma. Mbwa wa kitongoji hulala juu yake mchana kwa ajili ya ubaridi. Kwa miaka minne Sidonia aliwaandikia watu wa mradi wa maji, kwa mkono wa jirani yake mwalimu Nikodemo, mstaafu, ambaye aliamini kwamba barua isiyo na "Yah" ni umbea tu. Kumi na moja za kwanza zilijibiwa kwa mdomo, dirishani, na jibu lilikuwa lile lile: mama, vuta subira. Sidonia si mkaidi, aliivuta. Aliivuta kiangazi na masika, mpaka akaanza kuamini kwamba wakubwa wamechimba kisima cha subira mahali fulani wakasahau kuchimba cha maji.

Lakini mwaka huu subira ilikuwa na tarehe. Binti yake wa pekee, Gladness, aliyeolewa mjini pale Chang'ombe, alikuwa na ujauzito wa kwanza na angejifungua Oktoba. Uzazi wa kwanza binti huja kwao. Mama yake ndiye humkanda, ndiye humwogesha mtoto mpaka kitovu kidondoke na baada ya hapo, ndiye humfundisha kumshika kichwa. Sidonia alikuwa amekwisha kutenga kona ya nyumba na kushona godoro upya. Kilichobaki kilikuwa neno la mama mkwe wa binti, Paulina, mwanamke mpole na msafi kupita kiasi, ambaye alikuja kumtembelea mwezi wa Juni, akatazama shimo, akasema bila ubaya wowote: "Mkwe wangu, mtoto mchanga tutamwogesha kwa mchanga?"

Hakukusudia utani. Ni lugha tu ilimponyoka. Ila Sidonia hakulala vizuri tangu siku ile, akaenda kwa mwalimu Nikodemo kuandikiwa barua ya kumi na mbili.

Mwalimu alifikiri sana. Barua zote zilizotangulia zilikuwa na kichwa "Maombi ya Kuunganishiwa Maji", na aliona huenda kosa ni la kitenzi. Safari hii aliandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari kwa rula: YAH: MAOMBI YA KUVUTIWA MAJI, KITONGOJI CHA CHILOLO. Watu huvuta umeme, huvuta maji, hakuna mtu asiyejua maana yake. Barua ikafika mjini katika masjala moja inayopokea barua za ofisi nyingi, na karani wa pale, Violeth, aliifungua saa nne asubuhi, chai mkononi na muhogo wa kukaanga kwenye karatasi. Alikuwa na barua tisini na macho mawili. Akasoma mpaka "kuvutiwa", akaona inatosha, akaitia kwenye jalada la Kamati ya Vivutio vya Makao Makuu.

Kamati hiyo ilikuwa changa na ilikuwa na njaa ya barua. Wizara zilikuwa zimekwisha kuhamia, maghorofa yalikuwa yanapanda, na kila Jumamosi wageni waliuliza waende wapi wakishalipiga picha Bunge kwa nje. Mlima wa Simba ulikuwapo, makumbusho ya mawe yalikuwapo, mashamba ya zabibu yalikuwapo, lakini kamati ilikuwa imechonga vibao kumi na ikapata mahali tisa. Barua ya maji hungoja miaka minne. Barua ya kivutio ilijibiwa kwa siku sita.

"Shikamoo mama," alisema yule mwanamume wa gari. Aliitwa Fredy, na kazi yake ilikuwa kuendesha na kusimika. "Wewe ndiye uliyeomba?"

"Marahaba. Ndimi. Mabomba yako wapi?"

"Mabomba sina. Nina kibao."

Sidonia hakushtuka. Kila mradi aliowahi kuuona ulianza na kibao, na mingine ilikuwa na adabu ya kuishia hapo hapo. Fredy akachimba mbele ya nyumba, akashusha saruji na kokoto, kisha akaomba maji ya kuchanganyia zege. Sidonia akampa dumu lake lote lililojaa robo. Kibao kikasimama: rangi ya udongo, maandishi meupe, neno moja tu, KIVUTIO, na mshale ukielekea mtoni.

Zege lilipokauka, kofia ya Fredy ilimtoka kichwani ikaenda kutua kwenye nguzo. Akaifuata, akaivaa, ikaenda tena. Gari nalo likasogea hatua tatu japo lilikuwa na breki ya mkono. Fredy alitazama, akasema vile vibao vingine tisa havikuwa na tabia hiyo, akaomba Sidonia atie sahihi kwamba amekipokea.

Kesho yake kuku wa kitongoji kizima walikuwa chini ya kibao, wamesimama kwa utulivu, wote wanatazama upande mmoja. Vifuniko vya masufuria vililala ubavu. Bati la nyumba ya mwalimu Nikodemo lilikuwa limeinama kuelekea kwa Sidonia kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Watu wakaitana, wakafunga kuku kamba, wakamwuliza mwalimu sababu. Mwalimu alisema jambo liko wazi kisarufi: kivutio ni kitu kinachovuta. Na kwa nini vile tisa vya mjini havivuti? Kwa sababu, alisema, vile hakuna aliyeviomba. Hiki kimeombwa kwa barua kumi na mbili. Watu wakaona ni haki.

Sidonia peke yake ndiye aliyepata hesabu nyingine kichwani. Kama kibao kinavuta, basi siku moja kitavuta maji. Hakumwambia mtu. Alianza kuweka ndoo tupu chini ya nguzo kila asubuhi, kwa heshima, kama mtu anayemwekea mgeni kiti.

Jumamosi basi la wageni lililokuwa likienda Mlima wa Simba lilifika mzunguko wa barabara katikati ya mji likakata kushoto. Dereva alikuwa na miaka ishirini kwenye usukani na alijua wakati wa kubishana nao na wakati wa kuuachia. Aliuachia. Likapita Zuzu, likavuka reli, likaingia njia ya mbuzi, likasimama mbele ya kibao. Wakashuka wageni thelathini na wawili, wengine wa Ulaya, wengine wa Dar es Salaam, wote wameinama mbele kidogo. Mwongozaji wao, binti aitwaye Hana, mzaliwa wa Moshi, alikuwa na kipaza sauti na sare iliyopigwa pasi. Akatazama nyumba, akatazama mchanga, akatafuta cha kusema. Wakati huo huo Sidonia akatokeza kutoka ardhini na dumu kichwani.

"Na hapa," Hana alisema bila kupepesa, "tunaona uchotaji wa asili."

Wageni wakapiga picha kwa nusu saa. Walipotaka kuondoka, basi lilinguruma, magurudumu yakazunguka, na halikwenda. Sidonia ndiye aliyewasaidia. Alikuwa amekwisha kuona kwa mbuzi wake kwamba kibao hakipendi kupewa mgongo. Mnyama akirudi kinyumenyume huku akikitazama, kinamwacha aende. Basi likarudi kinyumenyume mpaka kwenye reli, wageni wakipunga mikono madirishani, na tangu siku ile hiyo ikawa namna ya kuaga Chilolo. Harusi moja iliondoka hivyo, na jeneza moja, na afisa mifugo kila Alhamisi.

Baada ya watu vikafuata vitu. Jiwe moja la Mlima wa Simba, ukubwa wa ng'ombe, lilikuja Jumatatu. Lilisimama kwenye reli kupisha treni, kisha likaendelea. Mawe ya makumbusho yakaja kwa mstari, kila moja na lebo yake, hata yale madogo. Benchi la bustani ya mjini likafika na watu wawili waliokuwa wamelikalia wakizungumzia viwanja vya Mtumba, na hawakukatiza mazungumzo. Mmoja alisema tu kwamba huku nako bei itapanda. Mawingu yakaja kutoka upande wa Mpwapwa, meusi, mazito, yakasimama juu ya kibao wiki nzima. Sidonia akaongeza ndoo mbili. Mawingu yakavutwa mpaka yakawa membamba, hayakudondosha kitu.

Jumatano ya mwisho ya Septemba bomba lenyewe lilikuja.

Sidonia alikuwa anapepeta uwele alipoona udongo wa shamba ukiinuka kidogo kidogo. Bomba jipya la inchi mbili, la bluu, lilichomoka kando ya barabara kubwa, likapita shambani likikwepa mashina, likazunguka zizi, likainua mdomo mbele ya mlango wake. Akaacha ungo. Akakimbilia ndoo. Akaiweka, akapiga goti. Bomba likavuta pumzi, likatoa upepo mrefu wenye harufu ya plastiki, likanyamaza.

Alikaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi. Aliumia, na hakuna namna nyingine ya kulisema.

Injinia wa mradi alivutwa siku iliyofuata pamoja na futi kamba yake. Alipima, akaandika, akala ugali wa uwele na mlenda akausifu. Alieleza vizuri kabisa kwamba bomba lile ni la awamu ya tatu, ila maji ni awamu ya nne, na walioandika awamu hizo hawakuwa watu wale wale. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alisema liko bomba kubwa hatua mia mbili, lina maji saa hizi, na kipande kimoja cha kuunganishia kingemaliza kazi kwa mchana mmoja. Tatizo ni dogo: ardhi hii sasa ni ya kivutio. Kamati ikiandika mistari miwili ya kuridhia, yeye atakuja na fundi keshokutwa.

Sidonia alivaa kitenge chake kizuri akaenda mjini. Alitembea kinyumenyume mpaka reli, akapanda basi, akafika ofisi ya kamati saa tano. Katibu alikuwa kijana aitwaye Stanley, mwenye shati jeupe na furaha ya kweli. Alisimama kumwamkia, akampa kiti chake mwenyewe, akamletea chupa ya maji baridi. Alisema wageni wa Chilolo wamewapita wa mlimani, na kwamba wakubwa wameuliza mara mbili huyo mama ni nani. Sidonia akanywa maji yote, kisha akasema shida yake: mistari miwili, binti yake anajifungua Oktoba hii.

Stanley alionyesha uso wa mtu anayeombwa kubomoa kanisa.

"Mama, tukifungua bomba, wageni watakuja kuona nini? Bomba wanalo kwao."

"Wataniona mimi, nimekaa kivulini."

"Wanataka kitu orijino, mama yangu. Kanuni zetu zinasema asili ya kivutio isibadilishwe."

"Basi kaking'oeni kibao."

Stanley akafungua jalada, akatoa barua, akaigeuza ili Sidonia aisome. Ilikuwa ile ya kumi na mbili, na mstari wa rula, na sahihi yake mwenyewe chini.

"Mimi niliomba maji," alisema Sidonia.

"Uliomba kuvutiwa," alisema Stanley, kwa upole. Akaongeza kwamba suala lake litapelekwa kwenye kikao cha Januari, na hapo akamwambia avute subira, neno ambalo Sidonia aliliona linakuja kutoka mbali kama treni.

Kurudi hakukuhitaji basi. Alisimama kando ya barabara, akageukia magharibi, na miguu ikajiendea; alikuwa nyumbani kabla jasho halijakauka. Chupa tupu ya Stanley ilikuwa mkononi, akaitundika kwenye mwiba wa ua. Mwalimu Nikodemo alikuja kuomba radhi kwa ajili ya kitenzi. Sidonia akamwambia kitenzi hakina kosa, kosa ni la wanaokisoma, akampa karanga.

Gladness alijifungua mjini tarehe nane, mtoto wa kike, salama. Ilikubaliwa akae Chang'ombe kwa mama mkwe. Sidonia alipelekewa habari kwa simu, akasema vizuri, vizuri sana, akakata, akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya toka aolewe.

Siku ya tano, jua likiwa katikati, aliona mtu anakuja kwa njia ya mbuzi na kifurushi kichwani na mtoto kifuani. Hakuwa ameinama mbele kama wageni. Alitembea wima, pole pole, kama anavyotembea mwanamke aliyejifungua juzi.

Sidonia alimpokea mtoto kwanza, ndipo akauliza. "Kibao kimekuvuta?"

"Kibao kinanijua mimi? Nimekuja kwako, mama."

Sidonia akalia, akacheka, akalia tena. Gladness akatazama lile bomba mlangoni, uso ukamng'aa. "Kumbe maji yalifika."

"Bomba limefika," alisema Sidonia, "ingia ndani."

Mtoto alikuwa amepewa jina Sidonia, kwa hiyo nyumba ikawa na wawili. Bibi alimwogesha wajina wake jioni ile kwa kata nne alizokuwa amezihifadhi kwenye chungu, akamnyoosha mikono na miguu, akamsugua vikunjo vya shingo, akamwambia kwa Kigogo majina ya watu wote waliomtangulia. Kwa miaka mingi hakuwa na saa nzuri kama ile. Maji yaliyobaki yalitosha kuosha nguo mbili kati ya saba.

Shimo wakati huo lilikuwa limepita kichwa. Alikuwa ameegemeza ngazi ya miti ya vipago tisa, na kutwa nzima lilitoa madumu mawili, siku nyingine moja na nusu. Hapo ndipo kazi ya kivutio ilipogongana na kazi ya bibi. Mabasi sasa yalikuja kila siku, na Hana, ambaye alikuwa na adabu zake, alimwomba jambo moja dogo: kundi la kwanza likishaona, maji arudishe shimoni, ili kundi la pili nalo lione yakichotwa. Kuchota shimo lililokauka, alisema, wageni hawaelewi. Sidonia alirudisha siku ya kwanza kwa kuona haya. Mchanga ukayanywa, na kundi la pili likasubiri muda mrefu likimpiga picha akingoja. Siku ya pili alikataa, lakini kundi la kwanza lilikuwa limesimama ukingoni, na kila aliyesogea aone vizuri alisukumia mchanga chini kwa kiatu chake. Lilipatikana dumu moja. Siku ya tatu ilipatikana nusu.

Siku hiyo ya tatu mtoto alitoka vipele vya joto shingoni na kwapani. Gladness alikuwa na kanga moja aliyokuwa ameifua kwa mate na subira. Hakulalamika. Alikaa kwenye benchi la bustani ya mjini, chini ya kivuli cha jiwe la Mlima wa Simba, akimpepea mtoto kwa lebo ya makumbusho.

Paulina alikuja mchana na Noeli, mume wa Gladness. Sidonia alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ungemsaidia. Paulina hakugomba. Aliamkia, akamshika mtoto, akamgeuza shingo, akatazama. Akatazama dumu. Kisha akaketi chini kwenye mkeka karibu na mkwe wake, bega kwa bega. Noeli alichungulia mdomo wa bomba kwa jicho moja kama fundi, akatoka na vumbi usoni.

"Akikua tutamleta," alisema Paulina mwishowe. "Akitembea."

Sidonia akasema sawa. Hakuwa na neno jingine la kusema ambalo lingemwogesha mtoto.

Waliondoka jioni kabla jua halijazama, kinyumenyume, kama watu wote. Gladness alimfunga mtoto mgongoni, kwa hiyo mtoto alitangulia, na mama yake alikuja nyuma akiitazama nyumba. Ndiyo faida pekee ambayo Sidonia aliwahi kuipata kutokana na kibao: hakumwona binti yake mgongo. Alimwona uso, hatua baada ya hatua, unapungua, ukipita zizi, ukipita shamba la uwele, mpaka kwenye reli, na hata pale uliendelea kumtazama. Kisha hakukuwa na uso, kulikuwa na reli tu.

Jumamosi mabasi yalikuwa matatu. Stanley naye alikuja, na mgeni mmoja mkubwa ambaye jina lake halikutajwa, na viti vya plastiki. Januari ilikuwa bado mbali. Walimwomba Sidonia aache dumu la manjano, achukue kibuyu, avae mgolole wa kufunga begani. Alivaa. Akashuka vipago tisa, na chini kule kulikuwa na ubaridi na hakuna aliyeweza kumwona uso. Maji yalikuwa yamehamia kulia. Akachota kata ya kwanza, na kwa kuwa alikuwa peke yake, akazungumza, kwa Kigogo, maana ndiyo lugha anayolilia. Alisema wajina wangu ameondoka na vipele shingoni. Alisema mmeleta jiwe, mmeleta benchi, mmeleta bomba, mmejileta na wenyewe, na mwanangu mmoja mmeshindwa kunikalishia kwa ndoo mbili. Alilisema mara tatu, kwa sababu kila kata ilichukua muda kujaa na hakuwa na la kufanya katikati.

Juu, mama mmoja wa Dar es Salaam alimwuliza Hana yule anasema nini. Hana hakujua Kigogo. Aliinama ukingoni, akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akainua kipaza sauti.

"Anaimba," alisema. "Ni wimbo wa asili wa kukishukuru kisima."

Wageni wakapiga makofi. Walikuwa wengi na walipiga kwa moyo, na mgeni mkubwa alisimama ili apige vizuri zaidi. Ukingo wa shimo ukatikisika. Mchanga ukaporomoka pande zote mbili, ukaufunika mdomo wa maji, ukamfika Sidonia magotini. Aliinua kata juu ili alichokichota kisimwagike, akangoja wamalize. Walipomaliza, aliwaomba wamshushie koleo.